Kuijua kamera ndogo ya kidijitali kwa vidole: mwongozo wa umbo lake na vidhibiti vyake

Wengi wanaopata kamera ndogo ya kidijitali huiwasha siku ileile, huligeuza gurudumu la juu mpaka kwenye alama ya kijani, kisha hawaligusi tena. Picha hutoka, na nyingine hutoka vizuri, lakini siku mwanga unapokuwa mgumu au mtoto anapokimbia mbele ya lenzi, mwenye kamera hubaki akibonyeza huku na huku wakati tukio lenyewe limekwisha kupita. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuumiliki mwili wa kamera yake kabla ya kuzishughulikia picha zake.

Shida ya kamera ndogo ni nafasi. Mwili wenye upana wa sentimita 10 hivi na kimo cha sentimita 6 unatakiwa kubeba lenzi, kihisi cha picha, betri, skrini, flashi na vidhibiti vyote, kwa hiyo kitufe kimoja hupewa kazi mbili au tatu, na vitufe vyenyewe husogezwa karibu mno hivi kwamba kidole gumba kinaweza kukibonyeza kimoja kilipokusudia kingine. Ndiyo sababu ninashikilia kwamba kamera ya aina hii hujifunzwa kwa mkono kwanza, na menyu ifuate baadaye. Tenga saa moja au mbili, uwe na kamera iliyochajiwa, kitambaa laini, karatasi nyeupe na nguo nyeusi, kisha ufuate hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya kwanza: Izungushe mkononi ikiwa imezimwa

Anza na uso wa mbele. Lenzi imejikunja ndani ya mwili, na katika kamera nyingi imefunikwa na vipande viwili vyembamba vinavyokutana katikati kama kope za jicho. Juu yake au pembeni kuna dirisha dogo la flashi, isipokuwa kama flashi ya kamera yako ni ile inayofichwa ndani na kuinuka inapohitajika. Karibu na lenzi kuna pia taa ndogo sana yenye kazi mbili: huimulika sehemu yenye giza ili kamera ipate fokasi, yaani ukali wa kitu kinachopigwa, na humetameta kuhesabu sekunde unapotumia kipima muda.

Sasa soma maandishi yaliyozunguka lenzi, kwa sababu yana habari nyingi kuliko yaliyoandikwa kwenye boksi. Chukua mfano wa Sony RX100 iliyotoka mwaka 2012, ambayo lenzi yake ina namba 10.4–37.1 na 1.8–4.9. Namba za kwanza ni urefu wa fokasi kwa milimita. Kwa kuwa kihisi cha kamera hiyo kina ukubwa wa milimita 13.2 kwa 8.8 tu, urefu huo unatoa picha yenye upana unaolingana na wa lenzi ya milimita 28 hadi 100 kwenye kamera ya filamu ya milimita 35, na ndivyo watengenezaji wanavyopenda kuutangaza. Namba za pili zinaeleza tundu la lenzi linaweza kufunguka kiasi gani: f/1.8 lenzi inapoonyesha eneo pana, f/4.9 inapovutwa hadi mwisho. Kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo tundu lilivyo kubwa. Zikumbuke namba hizi mbili, kwa maana tutazirudia kwenye hatua ya zumu.

Sehemu ya juu ndiyo chumba cha kazi cha kidole cha shahada. Hapo kuna kitufe cha kupigia picha, kinachoitwa cha shata (shata ni pazia linaloruhusu mwanga uingie), mara nyingi kikizungukwa na wenzo mdogo wa zumu, kisha kitufe cha kuwasha, na gurudumu la modi lenye herufi na michoro. Vyote hivi viko upande wa kulia wa anayeshika kamera, na anayetumia mkono wa kushoto hana budi kuzoea.

Nyuma kumetawaliwa na skrini. Umbo hili tunaliona la kawaida leo, lakini Casio QV-10 ilipoingia sokoni mwaka 1995 ikiwa na skrini ya inchi 1.8 nyuma yake, kumwona mtu akitunga picha kwenye skrini badala ya kuweka jicho kwenye kitundu lilikuwa jambo geni. Tangu hapo skrini imeendelea kupanuka na vitufe vimeendelea kusukumwa pembeni, mpaka vikabaki kwenye ukanda mwembamba wa kulia: pedi ya pande nne yenye kitufe katikati, kitufe cha menyu, kitufe cha kutazama picha chenye mchoro wa pembetatu, na kitufe cha kufuta chenye mchoro wa pipa la taka.

Igeuze uone chini. Kuna tundu la skrubu la kufungia stendi ya miguu mitatu, lenye kipenyo cha robo inchi, yaani milimita 6.35, na kipimo hiki ni kilekile kwa karibu kila kamera utakayoishika, ndogo kwa kubwa. Kando yake upo mlango wa betri na kadi. Ubavuni kuna kikuku cha kufungia kamba na kifuniko kidogo kinachoficha matundu ya kebo.

Hatua ya pili: Betri, kadi na kamba

Fungua mlango wa chini kwa kuusukuma upande unaoonyeshwa na mshale, wala usiuinue kwa ukucha. Bawaba za milango hii ni za plastiki nyembamba, na mlango uliovunjika huifanya kamera nzima isiwake, kwa sababu kamera nyingi zina kiswichi kidogo ndani kinachokagua kama mlango umefungwa. Betri ina upande wenye vipande vya shaba. Hivyo ndivyo vinavyotangulia kuingia. Inaposhuka, kilimi kidogo, ambacho mara nyingi kina rangi tofauti na plastiki inayokizunguka, kinasogea kuipisha kisha kinarudi kuishika. Kama betri inakataa, igeuze. Betri nyingine zinaweza kuingia kinyume bila kushikwa na kilimi, kisha mtu akadhani kamera imekufa.

Kadi ya SD, ambayo ndiyo inayohifadhi picha, ina ukubwa wa milimita 32 kwa 24, na kona yake moja imekatwa ili isiingie vibaya. Isukume mpaka usikie mlio mdogo, na ukitaka kuitoa, isukume tena ndipo iachie. Ubavuni mwa kadi kuna kipande kidogo kinachotelezeshwa: kikiwa chini, kadi imefungwa na kamera haiwezi kuandika kitu. Kikiteleza chenyewe wakati wa kuingiza kadi, skrini itakuambia kwamba kadi imefungwa, na hapo huna haja ya kwenda kwa fundi. Ikiwa kamera yako ni ya zamani, angalia pia aina ya kadi inayoikubali. Kadi za SDHC zinaishia GB 32, na zinazozidi hapo ni za SDXC, ambazo kamera za zamani huwa hazizisomi.

Funga kamba ya mkononi kabla ya kuiwasha kamera kwa mara ya kwanza, na uwe na desturi ya kuipitisha kwenye kifundo kabla ya kufanya lolote lingine. Mwili wa kamera ndogo ni laini na mwepesi, na karibu hauna mahali pa kushika.

Hatua ya tatu: Mikono miwili, viwiko ubavuni

Mkono wa kulia unashika ubavu wa kulia, kidole cha shahada kikipumzika juu ya shata bila kuikandamiza, na kidole gumba kikikaa kwenye eneo tupu la nyuma. Karibu kila kamera ina eneo hilo, lililotiwa vipele vidogo au mpira ili kidole kisiteleze na kisiguse vitufe. Mkono wa kushoto unaibeba kamera kutoka chini, gumba likiwa chini na shahada ikiwa juu ya kona ya kushoto. Kosa la kawaida kabisa liko hapa: vidole vya mkono wa kushoto hujikunja mbele na kufunika flashi, au ncha ya kimoja huingia kwenye pembe ya picha. Simama mbele ya kioo na kamera mkononi, uvikague vidole vyako kwa macho yako mwenyewe.

Viwiko viwe karibu na mbavu. Mtu anayenyoosha mikono mbele ili aone skrini vizuri anaigeuza mikono yake kuwa tawi linalopepea, na hakuna teknolojia ya kutuliza picha inayoweza kusahihisha kila mtikisiko.

Hatua ya nne: Iwashe huku ukitazama lenzi

Iwashe kamera ikiwa imeelekea pembeni, ili uone kinachotokea mbele. Zile kope zinafunguka, na mirija miwili au mitatu iliyoingizana inatoka moja baada ya nyingine. Ndani yake kuna mota ndogo na meno ya plastiki yanayosogeza vioo kwa usahihi mkubwa. Hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika kamera ndogo, na ni vyema kuiona ikifanya kazi ili ujue kwa nini inahitaji heshima.

Niliwahi kuiweka kamera kwenye mfuko wa suruali bila kuitia kwenye kipochi chake. Nilipoketi, kitufe cha kuwasha kilibonyezwa na paja langu, lenzi ikajaribu kutoka ikakutana na kitambaa, na niliposikia mlio wa kukwaruza nilikuwa nimechelewa. Skrini ilionyesha ujumbe wa hitilafu ya lenzi, na tangu siku hiyo lenzi ikawa inatoka nusu na kurudi. Nilijifunza mambo matatu ambayo ninayazingatia hadi leo: kamera haiingii mfukoni bila kipochi, haiwashwi ikiwa imelazwa kifudifudi, na haitolewi mahali penye mchanga unaopeperuka, kwa sababu chembe moja ikiingia kati ya mirija inatosha kuikwamisha.

Unapoizima, subiri mpaka kope zifunge. Kope zikibaki nusu wazi, mara nyingi kuna vumbi pembeni mwake; lipulize kwa kipulizio cha mpira, wala usizisukume kwa kidole.

Hatua ya tano: Kitufe cha shata kina sakafu mbili

Kama ungekuwa na nafasi ya kujifunza jambo moja tu katika mwongozo huu, ningekuchagulia hili. Kitufe cha shata si swichi ya kuwasha na kuzima. Kina kituo katikati ya safari yake, na kituo hicho ndicho kinachoitenganisha picha iliyokusudiwa na picha ya kubahatisha.

Elekeza kamera kwenye kitu kilicho umbali wa mita mbili hivi. Kandamiza kitufe polepole, kwa nyama ya kidole na si kwa ncha, mpaka uhisi ukinzani mdogo, kama vile kidole kimekanyaga sakafu nyembamba. Simama hapo. Kwenye skrini utaona kiboksi kikigeuka kijani, na kamera nyingi hutoa mlio mfupi. Katika muda huo kamera imefanya kazi mbili: imepima mwanga na imetafuta fokasi, kisha imezifunga zote mbili na inakusubiri. Ukiendelea kukandamiza, picha inapigwa karibu papo hapo. Ukiachia, yote yanafutika na unaanza upya.

Rudia mara ishirini bila kupiga picha hata moja. Fika sakafu ya kwanza, tulia, achia. Katika mazoezi ya mwanzo kidole kitapitiliza na picha zitapigwa bila kutaka. Hilo ni la kawaida, kwa kuwa kila kamera ina ukinzani wake, na kidole kinahitaji kuufahamu wa kamera hii hasa.

Faida ya kwanza ya sakafu hii ni wakati. Watu hulalamika kwamba kamera ndogo inachelewa, kwamba wanabonyeza mtoto akitabasamu na picha inatoka amegeuka. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo ni muda wa kutafuta fokasi. Ukiwa umekwisha kuifunga fokasi mapema kwa nusu kitufe, ukasubiri tabasamu kidole kikiwa sakafu ya kwanza, kinachobaki ni sehemu ndogo sana ya sekunde.

Faida ya pili ni utungaji. Tuseme unataka mtu akae theluthi ya kushoto ya picha na mandhari ijaze upande wa kulia. Kamera ikikagua katikati, itashika miti iliyo nyuma yake. Mweke mtu huyo katikati kwanza, kandamiza nusu mpaka kiboksi kiwe kijani juu ya uso wake, kisha bila kuachia kidole sogeza kamera mpaka akae unapotaka, ndipo umalizie. Sharti ni moja: umbali kati yako na yeye usibadilike katikati ya zoezi. Akisogea hatua moja, achia na uanze tena.

Kiboksi kikiwa chekundu au cha njano, au kikipepesa, kamera inakuambia haijapata fokasi. Usilazimishe. Ama uko karibu mno, ama unachokilenga ni kama ukuta mtupu usio na mstari wala alama ya kushika. Tafuta ukingo wenye tofauti ya rangi ulio umbali uleule, fungia fokasi hapo, kisha urudi.

Hatua ya sita: Wenzo wa zumu na gharama yake

Wenzo unaozunguka shata una pande mbili: W ni upana, T ni mvuto wa karibu. Katika baadhi ya kamera kasi ya zumu hufuata nguvu ya kidole, kwa hiyo jaribu kugusa kidogo kidogo kabla ya kukandamiza hadi mwisho. Canon ilipotoa PowerShot S90 mwaka 2009, iliweka pete kuizunguka lenzi, na mwenye kamera angeweza kuipa pete hiyo kazi ya zumu au nyingine aliyoitaka; kamera kadhaa zilizofuata zina pete ya aina hiyo, na kama yako inayo, mkono wa kushoto hatimaye unapata kazi ya maana.

Rudi sasa kwenye zile namba za lenzi. Kutoka f/1.8 hadi f/4.9, mwanga unaofika kwenye kihisi unapungua hadi karibu sehemu moja ya saba. Kamera italipia upungufu huo kwa kufungua shata muda mrefu zaidi, na picha itatikisika, au kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, na picha itajaa chengachenga. Kibaya zaidi, zumu inapovuta kitu karibu inavuta pia mtetemo wa mkono wako. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kasi ya shata isipungue moja gawanya kwa urefu wa fokasi, ule unaolinganishwa na kamera ya filamu: kwa upana wa milimita 28, sekunde 1/30 inatosha, kwa milimita 100, unahitaji 1/100 au zaidi, na kifaa cha kutuliza picha kinakuongezea nafuu juu ya hapo. Kwa hiyo ndani ya nyumba, ukiweza kusogea kwa miguu, sogea, na uiache zumu kwenye W.

Utaona pia kwamba zumu ikifika mwisho kuna kamera zinazoendelea kukuza, na mstari kwenye skrini hubadilika rangi au hugawanyika. Hapo lenzi imemaliza kazi, na kamera inakata tu sehemu ya katikati na kuitanua. Ingia kwenye menyu uizime zumu hiyo ya kidijitali, maana kazi hiyo unaweza kuifanya baadaye kwenye kompyuta.

Hatua ya saba: Gurudumu la modi

Ligeuze pole pole na usikilize linavyojifunga kwenye kila alama. Alama ya kijani inaipa kamera mamlaka yote. SCN ni mkusanyiko wa hali zilizopangwa tayari, kama vile usiku au mandhari. P inaiachia kamera tundu na shata lakini inakurudishia ISO, flashi na urekebishaji wa mwangaza. A au Av inakupa tundu, S au Tv inakupa kasi ya shata, M inakuachia vyote viwili, na C inahifadhi mpangilio wako mwenyewe. Kamera za bei nafuu hazina zote.

Ushauri wangu ni kuanza na P na kubaki nayo wiki kadhaa. Wenye ujuzi wa kamera kubwa hukimbilia A ili wafifishe mandhari ya nyuma, lakini katika kamera ndogo modi hiyo ina faida finyu. Kihisi cha kamera nyingi za mfukoni kina milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, na kwa udogo huo karibu kila kitu kinatoka wazi, cha mbele na cha nyuma, hata tundu likiwa limefunguliwa kabisa. Ukilifunga sana, mwanga unaopenya kwenye tundu dogo hutawanyika na picha nzima hupoteza ukali. S, kwa upande mwingine, ina kazi ya kweli pale unapotaka kumsimamisha mtu anayekimbia: weka 1/500 na uiache kamera itafute mengine.

Gurudumu hili lina tabia ya kujigeuza kamera inapoingizwa na kutolewa kwenye kipochi. Kabla ya picha ya kwanza ya siku, gumba lilipapase na jicho lilikague.

Hatua ya nane: Alama ya kujumlisha na kutoa

Tafuta mahali palipochorwa ± . Katika kamera nyingi ni upande mmoja wa pedi ya nyuma; katika nyingine, kama vile Canon PowerShot G10 ya mwaka 2008, ni gurudumu kamili juu ya mwili. Ninakisifu kidhibiti hiki mahali popote ninapozungumzia kamera, kwa sababu ndicho kinachomwezesha mtu kubishana na kamera bila kuiondolea kazi nyingine zote.

Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kinadhani kwamba mandhari yote, ikichanganywa, inapaswa kutoa kijivu cha wastani. Thibitisha hili sasa hivi. Weka kamera kwenye P, jaza fremu yote kwa ile karatasi nyeupe, upige. Kisha jaza fremu kwa nguo nyeusi, upige. Zitazame pamoja: karatasi imetoka kijivu, na nguo nyeusi imetoka kijivu vilevile. Kamera haijakosea, imefanya inachofanya siku zote.

Bonyeza ± na usogeze kipimo kuelekea kujumlisha. Kila mruko ni theluthi ya hatua, na hatua moja nzima maana yake ni mwanga mara mbili. Piga tena karatasi ukiwa kwenye +1, kisha nguo ukiwa kwenye −1, na uone weupe unavyorudi kuwa weupe na weusi kuwa weusi. Kwa mantiki hiyohiyo, mtu aliyesimama mbele ya dirisha linalowaka atatoka kivuli usipoongeza, na mtu aliyemulikwa jukwaani huku nyuma pakiwa giza totoro uso wake utaungua, yaani utakuwa mweupe mtupu, usipopunguza. Kwenye mwanga mkali mimi hupendelea kutoa theluthi moja au mbili, kwa kuwa sehemu iliyoungua haina tena habari ya kurudisha, wakati sehemu yenye giza kidogo bado inaweza kuinuliwa.

Kidhibiti hiki mara nyingi hakirudi sifuri chenyewe. Ukimaliza mandhari moja, kirudishe, la sivyo picha za saa nzima inayofuata zitatoka zimefifia bila wewe kujua sababu.

Hatua ya tisa: Pande nyingine za pedi

Mshale wa radi ni flashi. Uwezo wake katika kamera ndogo unaishia mita tatu hadi tano hivi, kwa hiyo kuitumia kwenye jukwaa la mbali ni kupoteza betri na kuwaangazia vichogo watu walioketi mbele yako. Kwa kuwa iko karibu sana na lenzi, mwanga wake hugonga nyuma ya jicho na kurudi moja kwa moja, ndipo macho yanapotoka mekundu. Na vumbi lililo hewani mbele ya kamera hung'aa kama viduara vyeupe ambavyo watu wengine huviogopa bure. Izime kuwa kawaida yako, kisha ujifunze kuilazimisha kuwaka mchana, jua linapokuwa nyuma ya mtu unayempiga. Kama ni ya kuinuka, usizuie njia yake kwa kidole.

Mchoro wa ua ni kwa vitu vya karibu. Kumbuka hapa kwamba umbali wa chini hubadilika na zumu: RX100 niliyoitaja hukubali sentimita 5 ikiwa kwenye W, lakini huhitaji sentimita 55 ikiwa kwenye T. Anayekaribia ua huku amevuta zumu atakiona kiboksi kikikataa mpaka achoke.

Saa ni kipima muda, kwa kawaida sekunde 10 au 2. Ile ya sekunde 2 ina matumizi ambayo wengi hawayafikirii: kamera ikiwa juu ya meza au stendi, hukuruhusu kuondoa mkono kabla shata haijafunguka, na hivyo picha ya usiku haitikiswi na kidole chako mwenyewe.

Hatua ya kumi: Skrini, kitundu na matundu ya kebo

Bonyeza kitufe chenye neno DISP mara kadhaa uone jinsi taarifa zinavyobadilika, na uchague mwonekano wenye mistari ya theluthi. Mwangaza wa skrini haukuhakikishii mwangaza wa picha. Juani kila picha huonekana imefifia. Kwa sababu hiyo jifunze kuisoma histogramu, ule mchoro wa milima unaoonyesha giza kushoto na mwangaza kulia: milima ikibanana kwenye ukingo wa kulia, kuna weupe ulioungua. Kama kamera yako ina kitundu cha kutazamia, kando yake kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha macho. Kizungushe ukitazama herufi zilizomo ndani, si mandhari, mpaka herufi zikae wazi.

Katika kutazama picha, wenzo wa zumu unabadilika kazi: T inaikuza picha ili ukague macho ya mtu kama yametoka wazi, na W inazipanga nyingi pamoja. Kufuta kunahitaji uthibitisho, na ninasihi kusifutwe kitu ukiwa bado eneo la tukio, kwa kuwa gumba lenye haraka hufuta jirani wa picha iliyokusudiwa.

Kebo ya USB iingie bila nguvu. Aina ya micro ina upande mmoja tu sahihi. Skrubu ya stendi ikazwe kwa vidole tu, na kifaa cha kutuliza picha kizimwe kamera ikiwa imefungwa kwenye stendi, ikiwa kitabu cha kamera hiyo kinaelekeza hivyo.

Hatua ya mwisho: Gizani

Usiku, zima taa za chumba, vaa kamba kifundoni, na uifunike skrini kwa kipande cha karatasi nzito. Washa kamera. Kwa kuhesabu vituo vyake, peleka gurudumu la modi mpaka P ukianzia alama ya kijani. Fika sakafu ya kwanza ya shata, usikie mlio, achia. Fungua ±, shuka miruko mitatu, rudi miruko mitatu. Zima flashi. Ondoa karatasi, washa taa, ukague umefika wapi, kisha urudie kesho yake mpaka skrini ikukute tayari ulikokusudia kuwa.